Zabibu za Milima ya Andes: Maji ya Theluji, Usiku wa Baridi na Swali la Mnunuzi

Leo tunakwenda mbali, hadi Amerika ya Kusini, katika nchi ya Argentina, chini ya milima mirefu iitwayo Andes. Huko kuna watu wanaolima zabibu mahali ambapo ukipaona kwa mara ya kwanza utasema hapafai hata mtama. Ni mawe na mchanga, mvua ni haba, usiku ni baridi, na mvua ikija huweza kuja na mawe ya barafu yanayopukutisha kila jani. Hata hivyo Argentina ni mojawapo ya nchi kubwa duniani kwa kutengeneza mvinyo, na karibu mvinyo wote huo unatoka kwenye mabonde yaliyo chini ya milima hiyo. Mkoa wa Mendoza peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili.

Mtaniuliza, habari za Argentina zinatuhusu nini? Wenzetu wa Dodoma watajibu haraka, maana mizabibu wanaijua na hasara zake wanazijua. Lakini hata wewe unayelima nyanya, vitunguu au kahawa, nakuomba usifunge kitabu. Wakulima wa Andes wamepambana na mambo mawili ambayo kila mkulima anayajua: maji ya kugawana, na mazao yaliyokosa mnunuzi. La kwanza walilimudu vizuri. La pili liliwatoa machozi, na mpaka leo halijaisha.

Kwanza tuelewane juu ya mahali penyewe. Milima ya Andes inapita upande wa magharibi wa bara hilo kutoka kaskazini hadi kusini. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua, kina urefu wa meta 6,961, yaani zaidi ya meta 1,000 juu ya kilele cha Kilimanjaro. Aconcagua umo katika mkoa wa Mendoza. Mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki hugonga milima upande wa Chile, yakaangusha mvua na theluji huko juu, na yakivuka upande wa Argentina huwa yamekwisha kukauka. Ndiyo maana mji wa Mendoza hupata kiasi cha milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi tunaiita nchi kavu, hupata kati ya milimita 500 na 600. Kwa mvua hiyo ya Mendoza mzabibu hauwezi kuishi ukazaa. Ukiona shamba la kijani huko, jua kwamba kila tone limeletwa kwa mkono wa mtu.

Mji wa Mendoza wenyewe uko kwenye mwinuko wa meta 750 hivi kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko juu zaidi ya hapo, meta 1,100 na ushei. Lakini ukitoka Mendoza ukaelekea kusini-magharibi unaingia Bonde la Uco, ambako mashamba huanza kwenye meta 900 na kupanda hadi meta 1,500 na zaidi. Na ukienda kaskazini kabisa, mkoa wa Salta, unakuta Mabonde ya Calchaquí. Mji wa Cafayate ulio huko uko kwenye meta 1,700 hivi, juu kidogo kuliko mji wa Iringa. Juu yake tena, mahali panapoitwa Payogasta, kuna shamba la mizabibu kwenye meta 3,111. Hapo ni miongoni mwa mahali pa juu kabisa duniani panapolimwa zabibu za mvinyo. Mgeni akipanda huko hupumua kwa shida, lakini mzabibu unazaa.

Sasa kwa nini mtu apande juu kiasi hicho wakati bondeni kuna nafasi? Jibu limo katika usiku.

Kila ukipanda meta 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Cafayate iko kwenye latitudo ya 26 kusini mwa ikweta, na kwa kawaida zabibu za mvinyo hulimwa kati ya latitudo ya 30 na ya 50. Kwa hiyo kama Cafayate ingekuwa tambarare karibu na bahari, joto lingekuwa kali mno. Mwinuko ndio unaoiokoa. Mchana jua huwaka sawasawa, lakini jua likizama, hewa ile kavu na nyepesi haishiki joto. Tofauti kati ya mchana na usiku huweza kufika nyuzi 20.

Tofauti hiyo inafanya kazi gani? Mchana majani ya mzabibu hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Usiku hakuna jua, lakini mmea bado unapumua, na katika kupumua unatumia akiba yake. Usiku ukiwa wa joto, mmea hupumua kwa kasi, na uchachu ulio ndani ya zabibu hupotea upesi. Utavuna zabibu tamu, lakini utamu wake ni wa bapa, na mvinyo wake haudumu. Usiku ukiwa wa baridi, mmea hupumua polepole na uchachu hubaki. Zabibu inaiva taratibu, ina sukari na ina uchachu wake. Mtengenezaji wa mvinyo anatafuta hivyo viwili pamoja, na hilo ndilo analolipia.

Halafu kuna jua lenyewe. Huko juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho ambayo hutuchoma ngozi, hupita kwa wingi zaidi. Zabibu hujikinga kwa kufanya ganda lake kuwa nene na lenye rangi nzito. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, si kwenye maji ya ndani. Zabibu ndogo yenye ganda nene ina thamani kuliko zabibu kubwa iliyojaa maji. Wengi wetu tumezoea kuhesabu kilo tu, kwa hiyo nitalirudia jambo hili mbele.

Faida nyingine ni ukavu. Ubwiri unga, ubwiri vinyoya na uozo wa vishada vinapenda unyevu, hasa ubwiri vinyoya na uozo. Katika hewa kavu ya Andes magonjwa haya yapo, lakini mkulima hanyunyizi dawa mara nyingi kama mwenzake wa nchi zenye mvua. Wakulima wetu wa Dodoma wanaliona jambo hili katika mashamba yao wenyewe. Zabibu za kuvunwa Februari na Machi, ambazo hukua wakati wa mvua, zina magonjwa mengi kuliko zile za Agosti na Septemba zinazokomaa wakati wa kiangazi.

Hapa nitaje tofauti moja kubwa, ili mtu asije akaiga asichoweza kuiga. Mizabibu ya Andes hulala. Ikifika Juni mpaka Agosti, wakati wa baridi kali, majani yote huwa yamepukutika na mti unaonekana kama umekufa. Wakati huo ndipo wanapopogoa. Septemba na Oktoba mti huamka na kuchipua, na mavuno huwa mara moja tu kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili. Mizabibu ya Dodoma hailali kwa sababu hakuna baridi ya kuilaza. Sisi tunaiamrisha kwa kisu. Tukipogoa, inaanza upya, na kwa hiyo tunavuna mara mbili. Ni bahati, lakini pia ni mzigo kwa mti, maana mti unaozaa mara mbili unataka mbolea na maji ya mara mbili. Mkulima anayevuna mara mbili na kulisha shamba mara moja, mizabibu yake huzeeka upesi.

Haya, tuje kwenye maji.

Kabla Wahispania hawajafika, wenyeji wa Mendoza walioitwa Wahuarpe walikuwa tayari wanalima kwa mifereji. Walichepua maji ya mto yanayotoka kwenye theluji ya milimani na kuyapeleka mashambani. Wenzetu Wachagga wenye mifongo yao ya mlimani Kilimanjaro wataelewa mara moja. Wahispania waliofika katika karne ya 16 walikuta mifereji hiyo, wakaipanua, wakapanda mizabibu iliyoletwa na mapadre kwa ajili ya misa. Mpaka leo mifereji inapita hata kando ya barabara za mji wa Mendoza, ikinywesha miti ya kivuli.

Utaratibu wao ni huu. Theluji huanguka milimani wakati wa baridi. Ikifika Oktoba na kuendelea, jua linapozidi, theluji huyeyuka na mito hujaa, na huo ndio wakati mizabibu inapohitaji maji. Mlima, kwa maneno mengine, ndio tangi lao. Kutoka mtoni maji huingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, kisha shamba la kila mmoja kwa zamu. Zamu yako ikifika, hata kama ni saa nane za usiku, unaamka na jembe lako na taa yako, unafungua kizuizi, unanywesha, na saa zako zikiisha unafunga ili jirani apate.

Mwaka 1884 Mendoza ilitunga sheria ya maji. Sheria hiyo ilisema kwamba haki ya maji inakwenda pamoja na ardhi. Huwezi kuuza maji ukabaki na shamba, wala tajiri hawezi kuja kununua maji ya kijiji kizima na kuwaachia watu vumbi. Kila mfereji una chama cha wanaoutumia. Wanachama humchagua mkaguzi wao kwa kura, hulipa ada kufuatana na ukubwa wa ardhi yenye haki ya maji, na fedha hiyo husafisha mfereji na kutengeneza vizuizi. Ugomvi haukosekani, maana maji ni maji. Lakini utaratibu huo umedumu kwa zaidi ya miaka 100, na umefanya jangwa lizae. Hata hivyo, ardhi yote inayopata maji huko haizidi asilimia 4 hivi ya eneo la mkoa. Sehemu iliyobaki ni vichaka vikavu na mawe.

Tangu mwaka 2010 tangi hilo la mlimani limekuwa likipungua. Miaka mingi mfululizo theluji imeanguka kidogo kuliko kawaida, na barafu ya kudumu juu ya milima inasinyaa. Zamu za maji zimepunguzwa. Wenye uwezo wamechimba visima virefu, lakini maji ya visima katika baadhi ya sehemu yana chumvi, na shamba linalonyweshwa chumvi mwaka hadi mwaka hufa taratibu.

Wengi wamegeukia umwagiliaji wa matone. Mpira mweusi wenye vitundu hupita chini ya mstari wa mizabibu, na kila mti hupewa kipimo chake. Maji yanayotumika hupungua sana. Mpira huo pia ndio uliowezesha kupanda mizabibu kwenye miteremko ya juu ya Bonde la Uco kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu mfereji hauwezi kupanda mlima lakini pampu na bomba vinaweza. Ila nawatahadharisha wale wanaodhani matone ni dawa ya kila kitu. Mfereji unapofurika shamba, maji huosha chumvi na kuizamisha chini. Matone hayaoshi, na chumvi hubaki ikizunguka mizizi. Kwa hiyo wakulima wenye busara huko, hata wakiwa na mpira, mara moja moja hunywesha maji mengi ili kuosha udongo. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, jambo hili likuhusu kabla hujanunua mpira.

Wana na ujuzi mwingine wa maji ambao mtu anaweza kuujaribu bila gharama. Zabibu zikishafungika na kufikia ukubwa wa njegere, wanapunguza maji kidogo mpaka zianze kubadilika rangi. Mti ukibanwa hivyo huacha kurefusha matawi na nguvu yote huelekea kwenye vishada. Zabibu huwa ndogo, zenye ganda na rangi nzuri. Lakini ni kubana, siyo kuua! Majani yakianza kunyauka asubuhi, umepita kiasi. Na mizabibu michanga isiyotimiza miaka mitatu usiiguse kwa njia hii, hiyo inahitaji kujenga mizizi.

Msifikiri kwamba wenzetu huko wanaishi raha. Mizabibu inapochipua Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, usiku mmoja wa sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, huunguza machipukizi yote. Mwishoni mwa Oktoba 2022 sakitu kali ilipiga Mendoza, na mavuno ya Argentina ya mwaka 2023 yakawa madogo kuliko ya miaka mingi iliyotangulia. Mkulima huwasha majiko ya mafuta kati ya mistari usiku kucha ili kupasha hewa joto, au hunyunyizia maji, na mara nyingine haitoshi. Kuna pia upepo unaoitwa Zonda. Unashuka kutoka mlimani ukiwa mkavu na wa moto, na ukikuta maua umeyakausha. Na mvua ya mawe wakati wa kiangazi chao, Desemba mpaka Februari, huweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa dakika kumi. Wenye fedha hufunika mizabibu kwa nyavu, wasio na fedha hutazama mawingu.

Kuhusu namna ya kusimamisha mizabibu, zipo njia mbili. Ya zamani ni kichanja, kama meta 2 kutoka ardhini, ambapo matawi hutambaa juu na vishada huning'inia chini kwenye kivuli. Ya pili ni nguzo na waya, mizabibu imesimama mstari kama ua. Kichanja huzaa kilo nyingi na hukinga vishada na jua kali, na huko Cafayate zabibu yao nyeupe iitwayo Torrontés, yenye harufu ya maua, inapendelewa kwenye vichanja. Zabibu hiyo ni mtoto wa kwao. Ilizaliwa huko huko Amerika ya Kusini kutokana na kuchanganyika kwa zabibu mbili zilizoletwa na Wahispania. Nguzo na waya hutoa kilo chache lakini ni rahisi kupogoa, kunyunyizia dawa na kuvuna. Mimi, kwa jua la kwetu, nisingekimbilia kung'oa kichanja kizuri kwa sababu tu waya ni wa kisasa. Na kwa wenye waya, kosa ninaloliona mara nyingi ni kuondoa majani mengi kuzunguka vishada. Upande unaopigwa na jua la mchana na alasiri acheni majani yawe mwavuli. Ondoeni upande wa jua la asubuhi ili hewa ipite.

Sasa nafika kwenye habari iliyonifanya niandike kipindi hiki.

Mwaka 1853 serikali ya Mendoza ilianzisha shamba darasa na kumweka Mfaransa mmoja, Michel Aimé Pouget, kulisimamia. Huyu aliingiza mbegu za zabibu kutoka Ufaransa, na mojawapo ilikuwa nyeusi, ikiitwa Malbec. Kwao Ufaransa ilikuwa ikisumbuliwa na baridi na unyevu. Katika ukavu wa Andes ikastawi mno. Reli ilipofika Mendoza mwaka 1885, mvinyo ukapata njia ya kwenda Buenos Aires, na kilimo kikapanuka kwa kasi. Wahamiaji kutoka Italia na Hispania walifika kwa wingi. Wengi wao hawakuwa na ardhi, wakawa wanatunza shamba la mwingine. Mtu wa namna hiyo aliishi shambani na familia yake, alilipwa kila mwezi, na wakati wa mavuno alipata fungu lake, ambalo sheria ya mwaka 1973 iliweka kati ya asilimia 15 na 19. Wapo waliodunduliza fungu hilo mpaka wakanunua ekari zao.

Ikafika miaka ya 1960 na 1970. Waargentina walikuwa wanakunywa mvinyo kila siku pamoja na chakula, kiasi cha lita 90 kwa mtu kwa mwaka. Viwanda vilitaka wingi tu. Bei ilikuwa kwa kilo, na hakuna aliyeuliza juu ya ganda wala uchachu. Basi wakulima wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungekifanya. Waling'oa Malbec, kwa kuwa haizai sana, wakapanda aina za zabibu za rangi ya waridi zinazojaza debe upesi, wakazifurikishia maji. Miaka ya 1960 Argentina ilikuwa na zaidi ya hekta 50,000 za Malbec. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kiasi cha hekta 10,000.

Na wakati huo huo wanywaji walikuwa wanapungua. Watu walihamia soda, bia na maji ya chupa. Mvinyo ulijaa matangini, hauna wa kuununua. Bei ya zabibu ikaanguka mpaka ikawa haifikii gharama ya kuvuna. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, zaidi ya theluthi moja ya mizabibu ya nchi nzima iling'olewa. Fikirini mti ambao baba yako aliupanda, umeutunza miaka 40, unaupeleka tanuri la kuni. Leo Mwargentina hanywi hata lita 20 kwa mwaka.

Waliobaki walifanya nini? Hakuna njia moja waliyoifuata wote.

Wenye mitaji walipanda juu. Mwaka 1992 mmoja wao, Nicolás Catena, alipanda mizabibu mahali paitwapo Gualtallary katika Bonde la Uco, karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako watu walisema zabibu hazitaiva kwa baridi. Ziliiva, tena vizuri. Malbec iliyong'olewa bondeni ikawa ndiyo inayotafutwa na wanunuzi wa Marekani na Ulaya, kwa zile sababu za usiku wa baridi na ganda nene. Sasa Argentina ina zaidi ya hekta 40,000 za Malbec. Waliokuwa wameitunza kwa ukaidi, wazee wenye vishamba vidogo ambao jirani zao waliwacheka, walijikuta na mali. Lakini kusema kweli, faida kubwa ya mlimani ilikwenda kwa wenye pampu, mabomba na viwanda. Mkulima mdogo wa bondeni hakuhama, maana haki yake ya maji iko pale ardhi yake ilipo.

Huyo wa bondeni alishika ushirika. Mkoa wa Mendoza ulikuwa na kiwanda kikubwa cha serikali kilichoitwa Giol, kilichokuwa kikinunua zabibu za wakulima wadogo ili bei isianguke. Kiwanda kilielemewa na hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya mkoa ikaamua kukiacha, na vyama vya ushirika vya wakulima, kupitia muungano wao uitwao Fecovita, vikachukua kazi ya kuuza mvinyo. Muungano huo ukawa mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa mvinyo nchini humo. Mkulima anapeleka zabibu kwenye chama chake cha karibu, chama kinasindika, na muungano unauza. Halipwi siku ile ile, na hili ni gumu kwa mtu mwenye ada ya shule. Lakini anapolipwa, analipwa kwa mvinyo, ambao unakaa, na si kwa zabibu, ambazo ndani ya siku mbili tatu za joto zimeanza kuchacha kwenye matenga.

Na mwaka 1994 mikoa miwili jirani, Mendoza na San Juan, ilifanya mapatano kwamba kila mwaka sehemu ya zabibu itengwe isiende kwenye mvinyo. Ikachemshwa na kuwa maji mazito matamu ya zabibu, ambayo viwanda vya vinywaji na vyakula hununua badala ya sukari, mengi yakiuzwa nje ya nchi. Nia ilikuwa kuzuia matangi ya mvinyo yasifurike tena. San Juan pia ndiyo inayotoa zabibu kavu nyingi kuliko mkoa wowote wa Argentina, kwa kuwa jua na ukavu wake vinakausha bila gharama. Nalisema hili kwa wale ambao dini au nyumba zao haziruhusu mvinyo: zabibu si lazima iishie kwenye chupa.

Ndugu zangu wa Dodoma, mmekwisha kunielewa. Tumeona miaka ambayo zabibu zimeiva na lori la mnunuzi halionekani, au limekuja likataja bei ya kutupa kwa sababu linajua huna pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuongeza ekari nyingine, hakikisheni mambo haya na mnunuzi, kwa maandishi na kupitia kikundi au ushirika wenu: ni aina gani anataka, kwa sukari ya kiwango gani, tarehe gani, na bei gani kwa kilo. Kikundi kinunue kipima sukari. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi. Unadondosha tone la maji ya zabibu, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma namba. Mpime wenyewe shambani, katika vishada vya juani na vya kivulini, mwanzo wa mstari na mwisho, kabla ya kuvuna. Mkifika langoni mwa kiwanda mkaambiwa zabibu zenu hazijaiva, mtakuwa na namba yenu mkononi.

Wanaoweza kuchanga kwa ajili ya matangi na mashine ya kukamua, wakauza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu mbichi, wana nafasi ya kusubiri bei. Lakini matangi yawe yale yanayofaa kwa chakula, na usafi usiwe wa kubahatisha, maana tangi moja lililochacha huwa siki na hasara ni ya wote. Kukausha nako kunawezekana kwa mavuno ya Agosti na Septemba, wakati jua ni kavu. Mavuno ya masika yataoza kichanjani. Tena kwa kukausha pandeni aina isiyo na mbegu. Zabibu za mvinyo zina mbegu, na mnunuzi wa zabibu kavu hapendi kutafuna mbegu.

Na kama mnanywesha kwa kisima kimoja watu wengi, andikeni zamu. Kila mtu na saa zake, jina lake na siku yake, na mchague mmoja wa kusimamia kwa kura, siyo kwa sauti kubwa.

Katika kipindi kijacho tutaendelea na mizabibu. Tutaeleza jinsi ya kupogoa baada ya mavuno ya kiangazi: mbakize pingili ngapi kwenye kila tawi, na mfanye nini na mti uliochoka. Njooni na visu vilivyonolewa. Mpaka hapo, kwaherini.